Bwana Mkeka, Mtaalamu Aliyekaliwa Mguu Kazini

Ifikapo tarehe thelathini ya mwezi huu, Bwana Mkeka atakuwa ametimiza miaka thelathini na miwili ya utumishi katika kliniki yetu ya tathmini ya watoto, na siku hiyohiyo atastaafu kwa mujibu wa sheria. Nasema kwa mujibu wa sheria kwa sababu kwa mujibu wa nafsi yake angebaki. Wiki iliyopita mkurugenzi alimkuta akiwapangia watu miadi ya mwakani, ikabidi amwondolee kalenda mkononi kwa upole.

Kazi ya kuandika wasifu huu imeniangukia mimi wa mapokezi. Walioombwa kabla yangu, wote wenye shahada zao, walisema wametingwa. Nikakubali, maana kama yupo mtu anayemjua mfanyakazi karibu sawa na mkewe, ni yule anayekaa mlangoni akiwaeleza watu kwa nini bado hawajaitwa.

Kwa asiyetujua, kwetu huletwa watoto ambao wazazi au walimu wao wameingiwa na wasiwasi. Huyu hatulii hata akiwa usingizini, yule akiitwa haitiki, mwingine hupiga kelele akivishwa soksi. Kazi ya Bwana Mkeka ni kukaa na mtoto, kuwahoji wazazi, kisha kusema kama ni usonji, au ni tatizo la umakini na kutotulia, au ni utoto wa kawaida uliokutana na wazazi waliochoka. Jibu hili la mwisho huwafurahisha wazazi kwa dakika moja, kisha huwaudhi.

Jina lake alilipata siku ya kwanza. Alikabidhiwa chumba chenye meza kubwa na kiti cha kuzunguka. Meza akaisukuma ukutani, kiti akanipa mimi (ninacho mpaka leo, na hakirudi kwa mtu), akatandika mkeka na kuketi chini. Haikupita wiki, mkurugenzi wa wakati huo akaleta wageni kutoka wizarani kuwaonyesha mtaalamu wetu mpya. Walipofungua mlango walimkuta amelala kifudifudi chini ya meza pamoja na mtoto wa miaka minne, kila mmoja na kikombe cha plastiki kichwani. Mkurugenzi aliufunga mlango taratibu, akawaambia wageni kwamba mtaalamu ametoka kidogo.

Namna yake ya kufanya kazi imenikondesha. Bwana Mkeka hamwulizi mtoto chochote mpaka mtoto mwenyewe aanze. Anakaa tu. Mtoto akizunguka chumba, anakaa. Mtoto akiing'oa saa ya ukutani na kuitoa vyuma vyake vyote, anakaa, na sisi wengine tunamaliza wiki nzima tukiulizana saa. Huku nje viti vimejaa, na mimi ndiye ninayetazamwa. Siku moja nilithubutu kumwambia mama wa mapacha kuwa haraka haraka haina baraka. Alinijibu kuwa chelewa chelewa utakuta mwana si wako, na pacha mmoja wakati huo kweli hakuwa wake, alikuwa ameshafika barabarani na mlinzi anamkimbiza. Tangu hapo methali nimewaachia wengine.

Katika kuwahoji wazazi hana mpinzani. Baba mtu atasema mtoto kafuata kwa wajomba zake, mama mtu atasema kafuata kwa baba, naye anawaacha wote wawili washinde. Kuna bibi alikuja kuutetea ukoo wake, akasema hana haja ya vipimo, maana hata mwanawe alikuwa hivyohivyo utotoni, hatulii wala hasikii akiitwa, na leo ni mtu mzima mwenye mke. Mke huyo alikuwa ameketi pembeni. Akasema ni kweli mama, na bado hasikii akiitwa.

Kati ya mambo aliyotuachia, kubwa ni la mwanasesere. Sanduku la vifaa tuliloletewa lina mwanasesere, keki ya plastiki na mishumaa. Mtoto anatakiwa amfanyie mwanasesere sherehe ya kuzaliwa, na mtaalamu atazame kama anajua kuigiza. Maelekezo mazuri, ila watoto wengi wanaokuja kwetu wanatoka katika nyumba ambazo siku ya kuzaliwa hupita kama Jumanne nyingine yoyote. Mmoja alipoambiwa apulize mishumaa alimtazama Bwana Mkeka kwa huruma, kwa kuwa mishumaa haikuwashwa. Alama zao zikawa zinashuka bure, wanaandikiwa kwamba hawajui kucheza, ilhali walichokuwa hawajui ni keki. Bwana Mkeka alibishana na wakubwa mpaka akaruhusiwa kuiweka keki kando na kumfuturisha mwanasesere kwa tende za mbao na kikombe cha uji wa kuwazia. Ukisoma unaona ni jambo dogo. Kwa mzazi aliyekuwa anarudi nyumbani na alama zile, halikuwa dogo hata kidogo.

La macho nalo ni hivyohivyo. Vitabu vya fani yetu vinataka tuandike kama mtoto anamtazama mtu usoni. Bwana Mkeka akasema mtoto aliyefunzwa kwao kuinamisha macho mbele ya mkubwa, asipomtazama mtaalamu, hiyo ni adabu inafanya kazi. Kwa hiyo akawa anawatazama wakiwa na paka wa kliniki, kwa sababu hakuna mtoto anayefundishwa kumstahi paka. Na wazazi waliotuficha kwamba kabla ya kuja walikwenda kusomewa mtoto dua, yeye aliwauliza bila kukunja uso ilisomwa sura gani, na mtoto aliziba masikio tangu mwanzo au sauti ilipopanda. Aliwaambia dua na mtaalamu hawafukuzani, ni majirani tu ndio wanaowagombanisha.

Sasa nije kwenye kisa ambacho bila hicho wasifu huu haungekuwa na maana. Ni cha miezi michache iliyopita. Baba wa mtoto ametupa ruhusa kukiandika, na akasema tusimpambe.

Baba huyo ni imamu wa msikiti ulio nyuma ya kliniki, mkewe ni fundi cherehani, na binti yao ana miaka sita. Shuleni, kengele ikigonga, binti alikuwa akitoka mbio na kujificha kwenye stoo ya mafagio, na kumtoa humo ilikuwa kazi ya walimu wawili. Mwalimu mkuu akamwambia mama wazi: muhula ujao uanze mtoto akiwa ameshafanyiwa tathmini, shule ijue imshike vipi, la sivyo watafute shule nyingine. Shule nyingine ya karibu ilikwisha kumkataa.

Msikitini mambo yalikuwa makubwa zaidi. Imamu, kama ilivyo sunna, kila mara kabla ya kuhirimia na kuanza swala huwageukia maamuma walio nyuma yake na kuwaambia wanyooshe safu, wasawazishe visigino, wazibe mapengo. Maamuma, kama ilivyo desturi yao, hukohoa kidogo na kubaki walivyo. Binti, ambaye huenda na baba yake, alikuwa akiisikia amri hiyo kila swala na kuona haitekelezwi, akaamua kuitekeleza. Swala ikianza anapita nyuma ya safu, anavuta visigino vilivyobaki nyuma, anasukuma vilivyotangulia, na penye pengo anamsogeza mtu kwa bega lake dogo mpaka liishe. Siku moja alimsukuma mtunza hazina wa msikiti nyuma ya magoti, mzee wa watu akaketi kabla ya wakati wa kuketi. Kamati ikakaa. Imamu akaombwa, kwa heshima zote, amwache mtoto nyumbani mpaka akue.

Imamu aliumia. Yeye ndiye anayewafundisha adabu watoto wa watu, na sasa wake anarudishwa mlangoni. Akasema mtoto haumwi kitu, kinachokosekana ni mkono mkali, na kumpeleka kwa wataalamu ni kutangaza kuwa nyumba ya imamu imeshindwa malezi. Mama akamleta peke yake. Bwana Mkeka alimpokea, akakaa na binti mara ya kwanza, kisha akamweleza mama kanuni yake ambayo hajawahi kuivunja: wazazi wakiwa wanaishi nyumba moja, majibu hawezi kumpa mmoja. Amejifunza kwamba nusu ya majibu ikibebwa kwenda nyumbani hufika ikiwa ugomvi. Mama akasema basi majibu hayatapatikana, maana mumewe amekataa katakata. Alilisema hilo akiwa amesimama mbele ya meza yangu, na nikaona namna anavyoikunja na kuikunjua ncha ya mtandio wake. Muhula ulikuwa unakaribia kwisha, na Bwana Mkeka alikuwa ameshaanza kukabidhi majalada.

Jioni hiyo akaenda kuswali magharibi katika msikiti wa imamu. Binti alikuwapo, kwa kuwa mama alikuwa na nguo za watu za kumalizia na baba hakuwa na pa kumwacha. Bwana Mkeka akasimama safu ya pili, na kwa makusudi kabisa akautanguliza mguu wake wa kulia mbele ya safu. Kabla Fatiha haijaisha mguu ulirudishwa. Akautanguliza tena, ukarudishwa tena, safari hii kwa kofi dogo la kisigino. Alipoutanguliza kwa mara nyingine, binti aliona maneno yamekwisha, akaukalia. Akakaa hapo mpaka watu waliporukuu. Tumemwuliza kama swala yake iliswihi, amesema hilo ni baina yake na Mola wake, ila tathmini iliswihi.

Baada ya salamu, imamu alimjia mbio huku uso umemshuka, amejaa maneno ya kuomba radhi. Bwana Mkeka hakumwacha ayamalize.

“Sheikh,” akamwambia, “humu ndani tulikuwa watu zaidi ya mia. Ulipotuambia tunyooshe safu, aliyekusikia ni binti yako peke yake.”

 Wiki iliyofuata imamu alikuja kliniki, kofia mkononi, akajiandikisha kwangu kwa sauti ndogo ya mtu asiyetaka kutambuliwa na watu ambao wote walishamsalimia kwa cheo chake.

Ilikuwa zamu ya mwanasesere. Imamu aliketi kwenye kiti cha kona, Bwana Mkeka na binti wako kwenye mkeka, tende za mbao zimepangwa. Bwana Mkeka akatangaza kuwa jua limezama, na mwanasesere ana njaa, na nani atamfuturisha. Binti akamchukua mwanasesere, akamgeuza, akamtazama mdomo.

“Hajafunga huyu,” akasema. “Asubuhi alikuwa kwenye sanduku. Anafuturu nini?”

Bwana Mkeka akajaribu kumtetea mwanasesere. Akasema kule sandukuni alikuwa amefunga. Binti akauliza kama alikula daku, na kama alinuia. Mtaalamu wa miaka thelathini na miwili akabanwa mpaka akakiri kwamba hapana, hakunuia, na tende zikarudishwa kwenye kisahani. Nilikuwa nimeingiza kichwa mlangoni kuuliza kama nimwite anayefuata, nikamwona imamu anacheka mpaka anafuta machozi. Kisha akaacha kucheka ghafla, akabaki anamtazama binti yake. Nadhani aliyatambua maneno hayo, yalikuwa ya darsa zake mwenyewe.

Siku ya majibu walikuja wote wawili, wakaketi mkekani, imamu kwa taabu maana ana goti baya. Bwana Mkeka aliwaeleza bila kuzunguka: ni usonji. Hautokani na malezi mabaya, wala si adhabu, wala si homa kwamba itapanda na kushuka. Binti anasikia kila kitu kwa ukubwa wake, na neno analichukua lilivyo, na kuna mambo ya kufanya ambayo yatamrahisishia shule na nyumbani. Imamu alisikiliza mpaka mwisho akiwa anatazama mlango. Alipoulizwa kama ana swali, alikuwa na moja.

“Watu nitawaambia nini?”

 “Na mimi,” akasema mkewe, “mtoto nitamwambia nini?”

 Ndipo ikaadhiniwa alasiri, na nikashukuru, maana nilikuwa ukumbini na kuta zetu ni nyembamba.

Huwa tunaswali ukumbini kwenye majamvi, walio wengi. Siku hiyo imamu akatangulizwa. Nyuma yake alisimama Bwana Mkeka, dereva, mfamasia, mlinzi wetu aliyekuwa ameunganisha zamu ya usiku na ya mchana, na nyuma kabisa tulikuwa sisi wanawake. Binti alikagua safu, akaridhika, kisha akaenda mbele. Imamu aliposujudu, binti alimpanda mgongoni, akalala kwa tumbo na kulaza shavu kati ya mabega ya baba yake.

Imamu hakuinuka. Sote tukabaki chini. Simu ya mapokezi ikaita mpaka ikakata, ikaita tena. Mtandio wangu ukaniteleza ukanifunika uso. Dereva akakohoa kwa namna ya kuuliza. Mlinzi akapitiwa na usingizi palepale kwenye sijda na kuanza kukoroma, kwanza kwa staha, baadaye kwa uwazi. Imamu bado yuko chini, na binti anapumua taratibu kama yuko kitandani kwake. Sote tumekua tukisimuliwa namna Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyoirefusha sijda kwa ajili ya mjukuu aliyempanda mgongoni, kwa kuwa hakutaka kumharakisha. Hadithi hiyo nimewasimulia hata wanangu. Kuikuta imenilaza kifudifudi kwenye jamvi la ofisini ni jambo jingine, na sioni haya kusema nililia.

Binti alishuka alipotaka mwenyewe. Tukamaliza swala, isipokuwa mlinzi, ambaye aliamshwa kwa bega lilelile dogo. Imamu alikaa kidogo baada ya salamu, kisha akamgeukia Bwana Mkeka.

“Mzee, naomba unieleze tena, tangu mwanzo. Mara ya kwanza nilikuwa nawasikiliza watu.”

Wakarudi chumbani. Viti vya nje vilijaa mpaka ngazini, nami kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu sikugonga mlango kuuliza zimebaki dakika ngapi.

Shule ilimpokea binti. Sasa mwalimu anamwambia kengele ikikaribia, anaziba masikio kwanza, na stoo ya mafagio imebaki na mafagio yake. Mama anatuambia kuwa mwalimu mkuu mwenyewe hunyooshwa kwenye mstari wa asubuhi. Ama msikitini, mlinzi wetu alikuwapo Ijumaa iliyofuata, na amenisimulia mara nyingi kiasi kwamba sasa ninayo kama niliyekuwapo. Baada ya swala imamu alisimama, akaomba watu wasiondoke.

“Binti yangu ana usonji,” akasema. “Hakukosa adabu, na mimi sikukosa kumfunza. Mnaponiambia nimwache nyumbani, mnaniambia niiache amana ya Mwenyezi Mungu nje ya nyumba yake. Kuanzia leo atasimama hapa, safu ya kwanza, kuliani. Akikunyoosha mguu, nyooka.”

Jumatatu yake sikupata pa kuweka mkoba wangu. Walikuja akina mama na watoto wao, wakaja akina baba wakijifanya wamewasindikiza, akaja mwanamume mmoja wa makamo bila mtoto yeyote, akaniambia amekuja mwenyewe. Nilimweleza kuwa hii ni kliniki ya watoto. Bwana Mkeka akatoa kichwa mlangoni, akamwambia avue viatu aingie. Ndiyo sababu majalada aliyokwisha kuyakabidhi aliyachukua tena, na ndiyo sababu mkurugenzi alilazimika kumpokonya kalenda.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, wa ofisini, wa dawa, wa gari na wa getini, tunamshukuru Bwana Mkeka kwa kutufundisha kuketi chini. Tunamshukuru mkewe kwa kutuazima mume ambaye kila siku alirudi nyumbani amechelewa na ana udongo wa plastisini kwenye ndevu. Mrithi wake ni dada mchapakazi mwenye shahada mbili, na tumeshamwonyesha mkeka.

Juzi binti wa imamu alikuja kwa miadi yake. Akaambiwa kwamba Bwana Mkeka anaondoka tarehe thelathini, na kwamba siku hiyo tutamwandalia chai ya kumuaga, na kwamba watu wengine huwa wanasikitika. Akauliza anaondoka saa ngapi. Nikamwambia saa kumi jioni. Akafikiri, akasema basi bado yupo, akavua viatu na kuingia.

Bwana Mkeka, sisi hatuna akili hiyo, tumeshaanza kusikitika. Mungu akupe afya na umri, akulipe kwa kila mzazi aliyeingia kwako na aibu akatoka na mtoto, na ustaafu wako usiwe wa upweke hata siku moja. Nenda salama. Tunakupenda.